Kaunti ya Tilden kwa Hatua za Mama

Baraka, Kongo, tarehe 4 Machi 2024

Kaka yangu Sadiki,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, hofu ni kwako na kwa wifi Jamila. Mvua imepiga wiki nzima. Barabara ya kwenda Fizi imekuwa uji, na ndagala tunazianika asubuhi, kufika adhuhuri tunakimbia kuzikusanya. Vainqueur, yule fundi wa baiskeli, ameoa tena. Mke wa kwanza ndiye aliyepika pilau ya harusi, na watu wote waliila kwa wasiwasi.

Sasa neno lenyewe. Pasipoti ya mama imerudi kutoka Kinshasa. Visa imebandikwa ndani, na picha yake imetoka vizuri, ingawa amekunja uso kama mtu aliyekaliwa kiti chake. Visa imeandikwa kwamba inakufa tarehe 28 Agosti. Nilifikiri tutapiga vigelegele. Mama akauliza:

"Iko fasi gani?"

"Amerika, mama."

"Amerika nilisikia. Iko fasi gani? Mi siwezi enda fasi siyijue."

Nikasema tukupigie simu. Akakataa. Akasema: "Kwa simu Sadiki anachekaka tu. Nikimuuliza anafanya kazi gani, rezo inakatika. Kila siku inakatika fasi ileile. Aandike. Karatasi haikatikake."

Na kweli simu yetu ni ya mtaa mzima. Ukisema "aloo", watu saba wanaitika. Kwa hiyo andika, kaka. Anataka kujua nani anatawala huko, wanalima nini, maji wanachota wapi, jirani ni nani. Na kutoka barabarani mpaka mlangoni kwako ni hatua ngapi. Hilo la mwisho usiniulize mimi.

Mdogo wako,
Samira


Marlow, Kaunti ya Tilden, tarehe 2 Aprili 2024

Mdogo wangu Samira, na mama mpendwa anayesomewa,

Waalaykum salaam. Sisi tu wazima. Jamila anawasalimu. Mimi tumbo limetangulia, nywele zimebaki nyuma, na magoti yanatoa sauti kama mlango wa duka la zamani. Nimefika miaka hamsini na moja bila kujua nimepita wapi. Mwambieni Vainqueur namwombea subira, naye mke wa kwanza namwombea zaidi.

Mama, kabla ya kuanza, nikiri jambo. Siishi Des Moines, ule mji mkubwa. Nilifikia huko, nikafua mashuka ya hoteli miaka minne, mpaka corona ikaifunga hoteli na sisi tukafungwa nje. Sasa naishi kaunti nyingine, mwendo wa dakika arobaini kwa gari. Niliendelea kusema "Des Moines" kwa sababu nani Baraka amewahi kusikia Tilden? Najua mnadhani nakaa kwenye maghorofa. Ghorofa refu kuliko yote hapa linakaa mahindi.

Kaunti ni kama territoire, yaani wilaya. Chukua territoire ya Fizi, ondoa ziwa, ondoa milima, ondoa watu karibu wote, kisha kipige pasi kilichobaki. Hiyo ndiyo Tilden. Barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, na kila maili moja zinakatana. Watu ni elfu tisa. Wanyama ni wengi zaidi. Wanalima mahindi, na wakichoka kulima mahindi wanalima soya, kisha wanarudia mahindi. Hawayali! Yanapandishwa kwenye malori na kuondoka. Siku ya kwanza nilipomwambia mkulima mmoja kwamba sisi tungesaga unga wa bugali, aliniangalia kama nimeomba kula matofali.

Makao makuu ni Marlow, ninapokaa. Katikati kuna biro kubwa la serikali, la mawe, lenye saa juu, pande nne, na kila upande una saa yake. Watu wa hapa wanaamini upande wa mashariki. Wanaotawala ni wazee watano waliochaguliwa, wanakutana kila Jumanne. Nilikwenda mara moja nikitegemea kusikia siasa kali. Walizungumza saa mbili juu ya kokoto za barabarani, nami nikasinzia. Mzee mmoja akaja kuniamsha na kuniuliza kama nina hoja. Nikasema naunga mkono.

Asubuhi magari yote yanaelekea mjini, jioni yote yanarudi. Vijana wanaokwenda na kusahau kurudi ni wengi. Shule imeunganishwa na ya kaunti jirani, na maduka matatu ya mtaani kwetu yamewekwa mbao madirishani. Maji yanatoka kwenye tangi kubwa lililosimama juu ya miguu, limeandikwa jina la mji, kana kwamba maji yanaweza kupotea njia. Ziwa hakuna, mama. Kuna mto mmoja, unauvuka kwa kupandisha kitenge kidogo.

Jirani yetu ni bibi mmoja, Darlene, ana miaka sabini na nane na paka mmoja asiyempenda mtu. Nimweleze kwa kisa. Hapa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, king'ora kinalia kujaribiwa, kwa ajili ya tufani. Mimi nani aliniambia? Jumatano yetu ya kwanza kililia. Nikatupa godoro kichwani, Jamila akabeba sufuria na pasipoti, tukatoka mbio hadi barabarani kungoja wengine tukimbie nao, kama tulivyozoea. Hakuna aliyetoka. Darlene alikuwa anamwagilia maua.

"Mnahama?" akauliza.

"Tunakimbia."

"Mnakimbia nini?"

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Mahindi tu. Akatuletea keki ya tufaha, tukaila tumekaa juu ya godoro.

Kuhusu kazi: ni ya kiwanda, kiwanda cha vyakula. Upande wangu una baridi sana, navaa glavu mbili. Ningeeleza zaidi lakini naona karatasi inaisha.

Wenu,
Sadiki


Baraka, tarehe 11 Mei 2024

Kaka Sadiki,

Salaam nyingi. Barua yako ilifika na gari la Uvira, imekunjwa ndani ya gunia la sabuni, inanukia kuliko sisi. Mahindi ya shamba letu la Lweba yamevunwa. Mama alikuwa na homa, imepita.

Nimemsomea mara nyingi sana, mpaka najua mahali pa kupumua. Ya godoro amecheka mpaka kikohozi. Uongo wa Des Moines amesema alijua kuna kitu, maana watu wa mjini hawaulizagi habari za mvua kila wakipiga simu.

Tulipofika mwisho, kwenye "karatasi inaisha", alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaipapasa. Chini palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Akasema: "Unaona? Na karatasi nayo inakatikaka."

Kaka, kiwanda cha vyakula gani? Na wanyama ni wanyama gani? Umewataja kwa neno moja, ukakimbia kama siku ya king'ora.

Hatua hukuhesabu. Anauliza tena. Anataka pia kujua kunanuka nini huko. Anasema umemwambia vinavyoonekana tu.

Hajakubali kusafiri. Nikifungua sanduku kupanga nguo, analifunga. Kila siku nahesabu zilizobaki, na usingizi wangu umekuwa mfupi.

Samira


Marlow, tarehe 9 Juni 2024

Mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Mahindi hapa sasa yananifika magotini. Jamila ameotesha lenga-lenga, mchicha wetu, nyuma ya nyumba. Darlene alidhani ni magugu, akatusaidia kuyang'oa yote. Tumepanda upya, na tumemshukuru.

Hatua: thelathini na nne. Mwanzo ni kokoto, zinasikika chini ya kiatu, kisha sementi, kisha ngazi tatu zenye chuma cha kushikilia upande wa kushoto. Sijui mama anataka kujenga nini, lakini vipimo ndivyo hivyo.

Harufu: mwezi wa saba kunanuka mahindi mabichi, na Jumamosi majani yaliyokatwa, kwa sababu wanaume wa hapa wakikosa la kufanya wanakata majani. Wakati wa theluji hakunuki kitu. Upepo wa kusini sizungumzii. Upepo ni wa Mungu.

Wanyama ni wa kufugwa, wana miguu minne. Nadhani nimejibu.

Isidore anakuja. Ni mtu wa Kilembwe, tunafanya kazi bega kwa bega. Anakwenda kumwona baba yake, na atapitia kwenu. Nimempa begi la mama: thermos, soksi nzito, na koti la baridi ili azoee kulivaa. Isidore ni rafiki mwema lakini ana mdomo mkubwa. Akianza kuzungumzia kazi, mpeni chakula.

Naona sasa nakwenda kwenye sanduku la barua mara tatu kwa siku. Mleta barua amenizoea. Akinikuta barabarani anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Sadiki


Baraka, tarehe 1 Julai 2024

Kaka Sadiki,

Salaam. Kiangazi kimekaa, vumbi linatusalimia kabla ya watu. Barua hii namkabidhi Isidore, anarudi kwenu kesho.

Alikula kwetu mara mbili, alipokwenda Kilembwe na aliporudi. Ni mcheshi kweli, hasimamishi maneno. Ametueleza pikipiki ilivyomwangusha, ndege ilivyomtisha, ugomvi wa wajomba zake. Lakini mama alipomuuliza, "Na kazi yenu munafanyaka nini?", alijaza mdomo mboga ya sombe, akatafuna mpaka nikamhurumia.

Mama amelipenda begi kuliko vilivyokuwa ndani. Anasema lina mpini imara na halivuji. Wiki mbili hizi analibeba kila mahali. Amekwenda nalo kwenye kilio cha mzee Ali, amekaa nalo mbele kabisa katikati ya bamama. Ijumaa amekwenda nalo msikitini, akaweka mswala wake ndani.

Juzi nimelishonea kitenge upande mmoja. Mama aliuliza kwa nini, nikasema ni urembo. Kwa nini nimeshona, wewe unajua, na mdomo wa kumwambia sikuupata.

Zimebaki siku hamsini na nane. Bado analifunga sanduku.

Samira


Marlow, tarehe 21 Julai 2024

Samira,

Barua hii naipiga picha na kuituma kwa simu. Tafadhali wafukuze wale watu saba kwanza. Siwezi kungoja gari la Uvira. Isidore amefika juzi na barua yako, nami tangu hapo sijakaa kitako zaidi ya dakika tano. Jamila amenifukuza nje kama kuku.

Begi lile tulipewa kiwandani, nami nililigeuza, ndani nje. Nililigeuza kwa mikono yangu na kuangalia mara mbili. Isidore ananiambia ya forodhani: "Kaka, ku douane banalimwanga lote, banaligeuza. Mi ningefanya nini, niwaeleze bale banaume juu ya mama yako?" Kwa hiyo lilifika kwenu limegeuzwa upande wake wa kawaida, na nguruwe mwekundu, alama ya kiwanda, juu yake, anatabasamu, amevaa kofia ya mpishi.

Basi. Naandika sasa na karatasi haiishi.

Kiwanda ni cha nguruwe. Miaka minne nakata mabega ya nguruwe, mengine yakishapita mengine yanakuja, kwenye mnyororo usiosimama. Kaunti ina watu elfu tisa na nguruwe laki tatu. Hicho ndicho nilichowaficha nilipowahesabia kokoto na saa za biro. Ndicho kinachonuka upepo ukitoka kusini, na kwenye nguo zangu kinanuka hata upepo ukilala. Hoteli ilipofungwa, walichukua mtu yeyote mwenye mikono miwili. Nilijiambia ni miezi mitatu. Siwali, wallahi siwali, lakini mikono yangu iko ndani yao kutwa nzima. Nikirudi naoga, na kila nikishika simu kuongea na mama naona kama anaweza kunusa. Ndiyo maana rezo ilikuwa inakatika. Nilikuwa naikata mwenyewe.

Sasa na mimi nina swali. Nimeweka barua zako zote mezani, nimezisoma tena kama mtu anayetafuta ufunguo alioushika. Mama aliyekuwa anaona chawa kichwani mwangu akiwa jikoni, leo amebeba picha ya nguruwe msikitini. Anauliza hatua, anauliza harufu. Anaipapasa karatasi kwa vidole. Nami nikauliza kama anataka kujenga! Nimekuwa punda mwenye masikio mazuri ya bure.

Samira, macho ya mama yamefikia wapi?

Msomee barua hii yote, na ya nguruwe usiiruke. Nyumba anayokuja ni yangu, na bugali atakayokula inatoka kwenye mikono hii. Akisema haji, nitajua ni kwa nini, na sitamwita mkosaji. Lakini aseme akiwa anajua.

Sadiki


Baraka, tarehe 6 Agosti 2024

Kaka Sadiki,

Salaam. Na mimi napiga picha. Nimewafukuza watu saba, wamebaki wawili, hawasikii vizuri.

Macho yalianza na ukungu mwaka juzi. Jicho la kushoto limefunga. La kulia linaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, si zaidi. Muganga wa zahanati anasema ni mtoto wa jicho, hospitali kubwa wanaweza kumtoa. Aliniapisha nisikwambie. Alisema: "Sitaki aniite kwa huruma. Aniite juu mi ni mama yake." Ndiyo maana nilibaki naandika vipande vipande, nikiomba utambue. Umechelewa, lakini umetambua.

Nilimsomea. Kwenye nguruwe nilisita, akasema: "We Samira, soma." Nikasoma mpaka mwisho. Aliinuka akaenda kutawadha, na siku tatu hakuuliza barua wala wewe. Nilidhani visa imeshakufa kabla ya tarehe yake. Siku ya nne aliniita, "Leta kalamu." Naandika kama alivyosema, sikuongeza kitu:

"Sadiki mutoto wangu. Wiki mbili nimebeba nguruwe ku musikiti na hakuna muntu ananiambia. Mke wa Imamu alikuwa ananipisha, mi nafikiri ni heshima! Bamama ba hapa nitabaonyesha kabla sijaenda.

"Iyi kazi, sijasema ni halali. Nimesema nakuja. Itaishaje, tutaongea tumekaa, we na mi, bila rezo.

"Umenieleza saa, kokoto, na paka. Mimi nimelima Lweba miaka makumi tatu, we ulikuwa mugongoni, na haukunieleza udongo wa kule uko namna gani. Ni wa kushikana ao wa muchanga? Maana mikono yako, kila ukitoka kule kwa kiwanda, utaiosha najisi mara saba, na moja kwa udongo, vile baba yako alikufundisha. Kiisha utagusa sufuria yangu. Niletee jibu la udongo mbio. Kama hauna muzuri nitabeba wa hapa.

"Na zile hatua umehesabu kwa miguu yako mirefu. Hesabu tena."

Ndiyo hayo. Tunaondoka Baraka tarehe 14, Kinshasa atapanda ndege tarehe 22. Jana nilifungua sanduku. Hakulifunga.

Samira


Marlow, tarehe 9 Agosti 2024

Mama yangu,

Waalaykum salaam. Usibebe udongo, watakunyang'anya uwanja wa ndege, na huku ndicho kitu pekee kisichotuishia. Ni mweusi kama masizi ya sufuria. Ukiufinya unashikana, ukiugonga kidogo unaachia. Nimechimba mpaka kiwiko sijakuta jiwe. Ungekuwa nao Lweba, ungekataa kurudi nyumbani jioni. Miaka minne nimeukanyaga nikienda kazini, nikarudi nikaukanyaga, wala sikuinama. Nimejaza udongo ndoo nzima. Naosha tangu juzi, mara saba. Jamila anasema nikiendelea nitafika kwenye mfupa.

Darlene anamjua daktari wa macho mjini. Amekwisha andika tarehe kwenye kalenda yake, chini ya siku za dawa ya paka.

Hatua nimehesabu upya. Nilifunga kitenge cha Jamila magotini, kibane, nipate mwendo wako, nikafumba macho, nikaanzia pale Jamila atakaposimamisha gari akikuleta. Mara ya kwanza nilikwenda ndani ya maua. Darlene akauliza kutoka dirishani kama tunakimbia tena. Nikamwambia hapana, safari hii kuna mtu anakuja.

Ni hamsini na mbili. Ishirini na tisa za kokoto, ishirini za sementi, tatu za ngazi, chuma kiko kushoto. Ukimaliza, kabla hujagusa mlango, nyoosha mkono wa kuume. Utakuta ndoo. Mimi nitakuwa nyuma ya ndoo hiyo, mikono bado haijakauka.

Mwanao,
Sadiki